Tatu mara nne: sifa za kuzidisha katika darasa la tatu

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa ndiyo kwanza nimekabidhiwa darasa la tatu katika shule ya msingi iliyoko pwani ya Tanga, nilimwekea mtoto alama ya kosa mahali alipostahili vema. Swali lilimtaka achore picha ya 3 × 4. Alichora mafungu manne ya maembe, kila fungu maembe matatu, na kila embe likawa na kikonyo chake, limepakwa rangi ya kijani kwa uangalifu ambao watoto wa miaka minane au tisa huwa nao pale tu kazi inapowapendeza. Mwongozo niliokuwa nikiutumia ulionyesha mafungu matatu yenye vitu vinne vinne, nami, nikiwa na rundo la madaftari zaidi ya 70 mbele yangu, sikuangalia zaidi ya hapo.

Binti yule alikuja mezani kwangu akiwa na daftari lake mkononi. Hakulia wala hakulalamika. Aliweka kidole chini ya maandishi akayasoma taratibu, "Tatu, mara nne," kisha akakihamishia kidole kwenye picha na kugusa fungu moja baada ya jingine: "Tatu, tatu, tatu, tatu. Si mara nne, mwalimu?" Nilitazama picha, nikatazama mwongozo, na sikuwa na jibu la kumpa. Alikuwa amesoma Kiswahili kama kinavyosomwa.

Mtu akisema amekwenda sokoni mara nne, idadi ya kurudia ndiyo inayofuata neno "mara". Hatusemi vinginevyo. Kwa hiyo "tatu mara nne", kwa sikio la mtoto aliyelelewa katika lugha hii, ni tatu iliyochukuliwa mara nne, yaani 3 + 3 + 3 + 3. Yapo mapokeo mengine ya kusoma alama hiyohiyo. Viwango vya hisabati vilivyotolewa Marekani mwaka 2010, ambavyo majimbo mengi ya huko yalivipokea, vinaeleza kwamba 5 × 7 ni makundi 5 yenye vitu 7 kila moja. Japani, kinyume chake, mtoto hufundishwa kutanguliza kile kinachorudiwa, kama sikio la Mswahili linavyotaka. Hakuna upande uliokosea, kwa sababu huo ni utaratibu wa kuandika tu, lakini mwalimu anapaswa kujua ni utaratibu upi ulio kichwani mwa watoto wake kabla hajainua kalamu nyekundu.

Nilifuta kosa, nikaweka vema, na nikamwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa alikuwa amekoseshwa mbele yao. Hata hivyo, jioni ile jambo jingine lilinisumbua zaidi. Mimi mwenyewe, tangu nilipokuwa mwanafunzi, nilijua kuwa 3 × 4 na 4 × 3 zote huleta 12, na sikuwahi hata siku moja kuuliza ni kwa nini. Nilipewa kama sheria: namba zikibadilishana nafasi, jibu halibadiliki. Nikaipokea, nikaitumia, nikafaulu mitihani, na baadaye nikaanza kuwapa wengine vilevile nilivyopewa. Mtoto anayetazama mafungu manne ya maembe matatu na mafungu matatu ya maembe manne anaona vitu viwili tofauti, na ana haki ya kuona hivyo, maana ni vitu viwili tofauti kweli. Kwamba hesabu yake ni moja ni habari ya kushangaza, na inahitaji maelezo.

Tangu hapo sizifundishi tena sifa za kuzidisha kwa kuziandika ubaoni na kuzitolea mfano mmoja mmoja. Naanza na nyanya. "Fungu" ni neno ambalo kila mtoto wa hapa analijua kutoka sokoni au kwenye genge la jirani, nami naliona bora kuliko "kundi" la kitabuni, kwa sababu fungu la sokoni lazima lilingane na mwenzake: muuzaji akipanga mafungu ya shilingi 500, mnunuzi hatakubali moja liwe na nyanya tatu na jingine nne kwa bei ileile. Usawa huo wa mafungu ndio kiini cha kuzidisha, na watoto huwa wanaujua kabla hawajanijua mimi. Naweka juu ya meza mafungu manne, kila moja nyanya tatu, kisha namwita mtoto mmoja aokote nyanya moja kutoka kila fungu. Amepata ngapi? Nne, kwa sababu mafungu ni manne. Anaziweka kando, na hilo linakuwa fungu jipya. Anarudi tena, anaokota moja moja, anapata nne nyingine. Akirudi mara ya tatu, mafungu ya zamani yamekwisha. Mbele yetu sasa kuna mafungu matatu ya nyanya nne nne, wala hakuna nyanya iliyoongezwa au iliyopotea.

Hapo nawauliza swali ambalo nalithamini kuliko yote ya wiki hiyo: kwa nini amerudi mara tatu, wala si mara mbili au mara tano? Darasa hunyamaza. Mara nyingi anayejibu si yule anayeongoza kwa kukariri. Atasema, kwa maneno yake, kwamba kila fungu lilikuwa na nyanya tatu, na kila safari ilikuwa ikipunguza moja. Sifa yote imo katika jibu hilo. Mtoto aliyelisema anaweza kuambiwa kwamba kuna mafungu tisa ya nyanya sita, na bila kuhesabu hadi 54 akajua kwamba zinaweza kupangwa upya kuwa mafungu sita ya nyanya tisa tisa, kwa sababu ameona jinsi kazi inavyofanyika. Mwalimu anayewaambia watoto wakokotoe 3 × 4, wakokotoe 4 × 3, kisha waone kuwa majibu yanalingana, amewathibitishia habari za namba hizo mbili peke yake. Kwa namba nyingine zote amewataka wamwamini.

Siku inayofuata tunatoka nje chini ya mwembe. Natandika kanga, namwaga vizibo 24 vya soda katikati, na watoto wa kundi moja wanaketi pande zote nne huku makundi mengine yakifanya vivyo hivyo kwenye mikeka yao. Kazi yao ni kupanga vizibo vyote katika mistari iliyo sawa, bila kubakiza. Mwaka jana wawili waligombana kabisa. Aliyeketi upande wa jina la kanga alisema wamepanga mistari minne ya vizibo sita. Aliyeketi ubavuni akaapa kwamba ni mistari sita ya vizibo vinne, na kwamba mwenzake hajui kuhesabu. Sikuwaamua. Niliwaambia wabadilishane mahali pa kukaa. Walizunguka kanga, kila mmoja akaketi alipokuwa mwenziwe, wakatazama vizibo vilevile ambavyo hakuna aliyevigusa, na yule wa kwanza akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ya kwako pia ni kweli." Makundi mengine yalikuwa yamepata mistari mitatu ya vinane, miwili ya kumi na viwili, na kundi moja likawa limepanga mstari mmoja mrefu uliovuka mkeka ukaingia mchangani. Mstari ule mrefu niliusifu pia, maana 1 × 24 ni haki kama zile nyingine.

Watoto wakishaipenda sifa hii huitumia hata mahali isipofaa, kwa hiyo kabla sijasonga mbele nawaonyesha bahasha ya dawa iliyo tupu, ile ya karatasi ambayo mtoa dawa huandika 2 × 3 kwa kalamu. Kila nyumba imewahi kuwa nayo. Wanajua kuisoma: vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Ni Kiswahili kilekile cha yule binti wa maembe. Nawauliza itakuwaje mtu akiigeuza ikawa 3 × 2. Jumla ya vidonge kwa siku ni sita ileile, na wapo wanaokimbilia kusema kwamba basi hakuna tofauti. Lakini huwa hakosekani mtoto mmoja aliyewahi kuugua, naye husema kwamba vidonge vitatu kwa pamoja vinaweza kumzidi mgonjwa nguvu, na kwamba mtoa dawa amesema asubuhi, mchana na usiku. Kwa sababu hiyo siwaambii kamwe kwamba 2 × 3 na 3 × 2 "ni kitu kimoja". Nasema jumla yake ni moja. Tofauti ya maneno hayo ni ndogo, na nadhani inastahili kulindwa tangu darasa la tatu, kwa kuwa mtoto atakutana na maswali ya maneno miaka yote iliyobaki, na maswali hayo yanauliza habari za vitu, pamoja na namba zake.

Sifa ya moja ni fupi, na siipi kipindi kizima. Saba mara moja ni saba iliyochukuliwa mara moja tu, basi imebaki ilivyo. Lugha ina mtego wake mdogo hapo: "mara moja" nyumbani maana yake pia ni upesi, na mtoto mmoja aliniambia kwamba "saba mara moja" ni saba ya haraka. Nilimwelewa vizuri. Mama akisema njoo mara moja, anataka mtoto aje bila kuitwa tena, yaani wito uwe mmoja. Tukaanzia hapo, na maana ya hesabu ikatoka ndani ya maana ya nyumbani.

Sifuri ndiyo inayowashinda wengi. Wanaandika 5 × 0 = 5, na wana sababu, kwa kuwa wametoka kujifunza kwamba ukijumlisha sifuri namba haibadiliki, na hawaoni kwa nini kuzidisha kuwe tofauti. Mimi humwita mmoja mbele, akakinga mikono. Namwambia nitampa vizibo vitano mara mbili: nampa vitano, kisha vitano vingine, naye anahesabu kumi na kunirudishia. Namwambia nitampa vitano mara moja, nampa, ananirudishia. Kisha namwambia nitampa vitano mara sifuri, nami nakaa kimya, ngumi yangu ikiwa imefumba vizibo vyangu. Yeye anasubiri. Darasa linasubiri. Safari moja mtoto alisubiri muda mrefu sana huku viganja vyake vikiwa wazi, mpaka akasema, "Lakini hujanipa, mwalimu." Nikamwuliza, "Una vingapi?" Akatazama viganja vyake. "Sina." Tuliandika 5 × 0 = 0, na juu yake tukaandika hatua tulizoshuka nazo, 5 × 3 = 15, 5 × 2 = 10, 5 × 1 = 5, ili waone kwamba kila hatua jibu linapungua kwa tano, na hatua ya mwisho nayo imepunguza tano ileile. Kwa upande wa pili, sifuri mara tano, sahani tano tupu zinatosha.

Kati ya sifa zote, naona ile ya kuzidisha namba tatu na kuchagua zipi zianze ndiyo inayofundishwa kikavu zaidi, kwa kuwa mtoto huonyeshwa namba tupu zikihamishiwa mabano kutoka kushoto kwenda kulia, na hana kitu cha kushika. Hapa pwani tunacho kitu cha kushika. Mzee mmoja anayeishi jirani na shule hutuazima bao lake. Bao la Kiswahili lina mistari minne, kila mstari mashimo manane, na katika bao la kujifunza, ambalo ndilo watoto huanza nalo, kete zote hutandazwa tangu mwanzo, mbili mbili katika kila shimo. Swali ni moja: zinahitajika kete ngapi?

Watoto hujigawa wenyewe katika njia mbili, na siku zote nimeshangazwa na jinsi wanavyojigawa bila kuambiwa. Wa kwanza hutazama mstari mmoja. Kete mbili kwa mashimo manane ni 16, na mistari ni minne, basi 16 mara nne, 64. Wengine hutazama bao zima na kutaka kwanza kujua mashimo ni mangapi. Nane mara nne, mashimo 32, na kila shimo lina kete mbili, basi 64. Naandika njia zote mbili ubaoni: (2 × 8) × 4 na 2 × (8 × 4). Mabano hapo yana maana ambayo mtoto anaweza kuionyesha kwa kidole: ya kwanza yameuzungushia mstari mmoja, ya pili yameyazungushia mashimo yote. Kete hazikusogea. Nimeona watoto ambao mwezi mzima walikuwa wakiyaogopa mabano wakiyachora wenyewe kwa chaki juu ya sakafu kulizunguka bao.

Baada ya hapo nawapa 5 × 9 × 2, na kuwaambia wachague pa kuanzia. Anayeanza na 5 × 9 atapata 45, kisha itambidi ahangaike kuizidisha kwa mbili. Anayekumbuka nyanya na bao kwa pamoja ataileta 2 karibu na 5, apate 10, na 10 × 9 haina mzigo. Hii ndiyo faida ya sifa hizi kwa mtoto: zinamruhusu kuchagua njia nyepesi, naye akijua kwamba ana ruhusa hiyo huacha kuitazama hesabu kama amri.

Nimebakiza sifa ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote, ya kuvunja namba moja vipande, kuzidisha kila kipande, kisha kujumlisha. Waalimu wenzangu wengi huiahirisha wakidhani ni ya madarasa ya juu. Mimi naona mtoto wa Kiswahili anaizungumza tayari. Mwambie asome 13 × 4. Atasema "kumi na tatu mara nne", na namba ya kwanza imekwisha kuvunjika ndani ya kinywa chake: kumi, na tatu. Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba "mara nne" inazihusu zote mbili. Kumi mara nne ni arobaini, tatu mara nne ni kumi na mbili, jumla hamsini na mbili. Tunaichora katika daftari lenye miraba midogo, mistari minne ya miraba kumi na mitatu, kisha tunapaka rangi moja sehemu ya kumi na rangi nyingine sehemu ya tatu, na mtoto anaona kwamba mstari unaotenganisha rangi umeshuka kutoka juu hadi chini, umepita katika mistari yote minne.

Kuona huko kunahitajika, kwa sababu lipo kosa moja linalorudi kila mwaka. Mtoto akipewa 24 × 7 atazidisha ishirini kwa saba, apate 140, kisha aongeze ile nne, aandike 144. Nilihangaika na kosa hili mpaka nilipoleta kreti ya soda. Kreti ya kawaida ina chupa 24. Nilichora kreti saba ubaoni, na katika kila moja nikazungushia chupa 20 na kuziacha nne nje ya duara, kisha nikamwuliza mtoto aliyeandika 144 anionyeshe chupa alizozihesabu. Alionyesha maduara yote saba, akaonyesha na chupa nne za kreti ya kwanza, akasimama. Alitazama kreti sita zilizobaki kwa muda. "Hizi nimeziacha," akasema, na akarudi kwenye dawati lake bila kuambiwa. Jibu lake la pili lilikuwa 140 na 28, yaani 168.

Lugha yetu, hata hivyo, haitusaidii kila mahali, na ni vyema mwalimu ajue inapotuacha. "Sitini", "sabini" na "tisini" zinafanana na sita, saba na tisa, hivyo mtoto anasikia kwamba sitini ina uhusiano na sita. Lakini ishirini haifanani na mbili, thelathini haifanani na tatu, wala hamsini haifanani na tano, kwa kuwa majina hayo ya makumi tuliyapokea kutoka Kiarabu ilhali mbili, tatu na tano ni zetu za asili. Mtoto anayesema "ishirini mara saba" hasikii mbili popote. Kwa wiki nzima, basi, tunayataja makumi kwa jina lake la wazi: makumi mawili mara saba ni makumi kumi na manne, na makumi kumi na manne ni mia moja na arobaini. Yanasikika mageni mwanzoni, na watoto huyacheka kidogo, lakini wakizoea, 20 × 7 na 30 × 8 huacha kuwa hesabu mpya.

Nimewahi kuulizwa na mzazi kwa nini natumia siku nyingi kwa nyanya na kreti badala ya kuwakaririsha watoto tebo, kama yeye alivyokaririshwa. Nilimheshimu kwa swali hilo, kwa sababu mimi pia naamini katika kukariri. Mtoto anayekwenda kwenye Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne bila tebo kichwani atachelewa, na kuchelewa humkatisha tamaa. Lakini nilimchukua daftari la mwanawe, nikaligeuza, nikamwonyesha jedwali la kuzidisha lililochapwa nyuma. Chukulia tu sehemu ya 1 hadi 10. Ina majibu 100, na kwa mtoto wa miaka minane hayo ni mengi. Akijua kwamba namba zinabadilishana nafasi, yanabaki 55, kwa kuwa karibu nusu ya jedwali ni kivuli cha nusu nyingine. Akijua sifa ya moja, kumi yanatoka, yanabaki 45. Ya kumi hayamsumbui mtu, yanabaki 36. Ya mbili ni kujumlisha namba na yenyewe, na ya tano wanayajua kutoka kwenye fedha na dakika za saa, yanabaki 21. Ya tisa hupatikana kwa kuzidisha kwa kumi na kutoa moja ya ile namba, kama 9 × 7 ambayo ni 70 toa 7, yanabaki 15. Ya nne ni mbili iliyorudiwa mara mbili, yanabaki kumi. Nilimwandikia hayo kumi kwenye kipande cha karatasi: 3 × 3, 3 × 6, 3 × 7, 3 × 8, 6 × 6, 6 × 7, 6 × 8, 7 × 7, 7 × 8 na 8 × 8. Hayo, nikamwambia, tutayakariri kwa nguvu zote, wewe nyumbani na mimi shuleni. Alikunja karatasi akaiweka mfukoni.

Wanaokariri kwa kuimba peke yake nawafahamu kwa alama moja. Ukiwauliza saba mara nane, midomo yao huanza kutembea kutoka saba mara moja, na huwezi kuwakatiza njiani, kwa sababu wakikatizwa hurudi mwanzo. Hawana mlango mwingine wa kuingilia. Aliyepita kwenye nyanya na kreti, jibu likimtoroka, husema saba mara tano ni 35, saba mara tatu ni 21, basi 56. Amechelewa kidogo, lakini amefika, na kesho atakumbuka zaidi kwa kuwa jana alifika kwa miguu yake.

Mwaka huu, tulipokuwa tunamaliza mada, mtoto mmoja aliuliza kama kugawanya nako kunabadilishana nafasi. Sikuwa nimepanga kulifikia swali hilo. Tuliandika 12 ÷ 3, maandazi 12 kwa watoto 3, kila mmoja manne, na hakuna aliyebisha. Kisha tukaandika 3 ÷ 12, na darasa zima likasema haiwezekani, maandazi matatu hayawatoshi watu kumi na wawili. Niliwaacha wabishane. Nyuma kabisa, mtoto ambaye hupenda kukaa karibu na dirisha alikuwa amechora maandazi matatu katika daftari lake, akachora mstari katikati ya kila moja, kisha mstari mwingine uliokata ule wa kwanza, na alikuwa anahesabu vipande kwa ncha ya penseli. Alipofika kumi na mbili aliinua mkono. "Kila mmoja robo, mwalimu." Mada ya sehemu ilikuwa imepangwa muhula unaofuata. Nililifunga andalio langu la somo, nikamwomba aje kuvichora vipande vyake ubaoni.